Mashimo ya Dhahabu na Msitu wa Bamburi

Ukisimama Matayos siku isiyo na ukungu, ukatazama upande wa kusini, utaona vilima vya Samia. Ndani ya vilima hivyo mna chuma. Zamani, kabla majembe ya viwandani hayajaletwa kwa reli na kwa malori, Wasamia walikuwa mafundi mashuhuri wa chuma katika nchi hizi za kando ya Ziwa Viktoria. Waliyakusanya mawe mazito yenye chuma, wakayayeyusha katika tanuru za udongo kwa moto wa makaa uliopulizwa kwa mivukuto, kisha wakafua majembe, mikuki na visu. Jembe la Samia lilisafiri mbali. Lililima mashamba ya watu ambao hawakupata kuviona vilima vyenyewe, na mahali pengine lilihesabiwa katika mahari.

Nimewataja mafundi hao kwanza kwa sababu wanafunzi wengi hudhani kwamba uchimbaji wa madini uliletwa na Wazungu. Sivyo. Kilicholetwa ni ukubwa wa shimo. Fundi wa Samia hakuwa na baruti wala mashine. Alichukua kiasi cha kulisha tanuru lake, na yaliyobaki yakafunikwa na mvua na majani. Haifai tumsifu kupita kiasi, maana makaa yake yalitoka katika miti, na miti hiyo ilikatwa. Walakini kazi yake ilikuwa na mpaka uliowekwa na nguvu za mikono. Mpaka huo ulipoondoka, ndipo lilipozuka swali ambalo nataka tulifuatilie, wewe nami, katika kurasa hizi: mtu akiisha kuchimba na kuchukua alichokitaka, ni nani mwenye wajibu wa kuitengeneza ardhi aliyoiacha?

Mwaka 1931 bei za mazao zilikuwa zimeanguka duniani kote, na walowezi wengi wa Kizungu nchini Kenya walikuwa wameelemewa na madeni. Mmoja wao, Mmarekani aitwaye L. A. Johnson, alikwenda kutafuta dhahabu katika nchi ya Waluhya karibu na Kakamega, akaipata. Habari ya dhahabu haifichiki. Muda si muda mamia ya Wazungu walikuwa wamepiga mahema kando ya mito, wakichuja mchanga katika karai, wakikata mifereji, wakizamisha mashimo katika mashamba ya watu. Katika miaka iyo hiyo dhahabu ilichimbwa pia ng'ambo ya mpaka, upande wa Busia ya Uganda, ambako mpaka leo watu wa Tiira huingia chini kuitafuta.

Sasa angalia jambo hili kwa makini. Ardhi ya Kakamega ilikuwa ya wenyeji, wala si kwa desturi tu bali kwa maandishi ya serikali ya kikoloni yenyewe. Sheria ya mwaka 1930 iliiweka ardhi hiyo kuwa amana ya wenyeji daima. Ilisema kwamba kipande chochote kikichukuliwa kwa manufaa ya umma, sharti kitolewe kipande kingine cha thamani ileile badala yake, na baraza la wenyeji lipate habari kwanza. Hiyo ilikuwa ahadi. Ilidumu miaka miwili. Mwezi wa Desemba 1932 serikali iliibadili sheria yake kwa ajili ya dhahabu: haikuwa lazima tena kutoa ardhi kwa ardhi, wala kulitaka shauri baraza kabla ya kuchukua. Fedha zingetosha.

Palizuka ubishi mkali, hapa na hata huko Uingereza, ambako watu wenye sauti walisema wazi kwamba neno lililotolewa limevunjwa. Ubishi huo wastahili heshima yetu. Lakini ukiutazama sana utaona kwamba ulihusu haki ya kuchukua ardhi na kiasi cha malipo. Hali ambayo ardhi ingerudishwa nayo haikupewa uzito wowote mkubwa. Mkulima aliyeng'olewa mahindi yake angeweza kulipwa shilingi kadhaa. Shamba lenyewe, lililopinduliwa chini juu, halikuwa na mtu wa kulidai fidia.

Mgodi mkubwa kuliko yote, ule wa Rosterman, ulifanya kazi mpaka mwaka 1952, kisha ukafungwa. Wenyewe walikwenda zao. Mashimo hayakwenda popote. Hata leo wako vijana, na akina mama wenye watoto mgongoni, wanaoishi kwa kuponda mawe ya sehemu hizo na kuyaosha. Huko Macalder, katika nchi ya Migori, mgodi wa shaba na dhahabu ulifungwa mwaka 1966, ukaacha nyuma machungu ya mchanga uliosagwa. Humo watu huendelea kutafuta chembe zilizosahauliwa, mara nyingi kwa kutumia zebaki, ambayo hukamata dhahabu upesi, kisha hubaki katika maji, katika samaki, na katika mwili wa aliyeishika. Mwezi wa Desemba 2021 mgodi wa Abimbo, katika nchi ya Bondo, uliporomoka watu wakiwa ndani. Ni mwendo wa saa chache tu kutoka Matayos.

Labda utauliza: kwa nini shimo lisijifunike lenyewe, kama yalivyojifunika yale ya Wasamia? Jibu liko katika udongo. Nenda kwenye shimo lolote la maramu kando ya barabara zetu, mahali ambapo wakandarasi walichota udongo mwekundu wa kutengenezea njia, uangalie ukuta wake. Juu kabisa utaona tabaka jembamba lenye rangi nyeusi-nyeusi, pengine halizidi urefu wa kiganja chako. Tabaka hilo ndilo shamba. Ndimo yalimo mabaki ya majani yaliyooza, nyungunyungu, kuvu, na vijidudu wasiohesabika ambao huigeuza takataka kuwa chakula cha mmea. Chini yake ni udongo mwekundu, na chini zaidi ni mawe. Mchimbaji huyapindua hayo yote. Kilichokuwa chini hukiweka juu, na kile cheusi chembamba hukizika au hukiacha kisombwe na mvua. Kisha sisi hushangaa kwamba miaka 20 imepita na shimo lingali jekundu, limejaa maji ya mvua na mbu, na majani machache tu pembeni. Hakuna cha kushangaza. Mlango wa shamba umefungwa, na ufunguo umetupwa.

Je, waweza kufunguliwa tena? Hapo hatuna budi kusafiri, maana jibu bora nililonalo halipatikani upande wetu wa nchi. Liko pwani, kaskazini ya Mombasa, mahali paitwapo Bamburi.

Chini ya pwani hiyo kuna mawe ya matumbawe. Katika zama za kale sana bahari ilikuwa juu zaidi kuliko sasa. Iliposhuka, matumbawe yalibaki nchi kavu, yakawa mwamba mweupe wa chokaa. Mwamba huo ukichomwa pamoja na udongo hupatikana saruji. Kampuni ya saruji ya Bamburi iliundwa mwaka 1951, na kiwanda kikaanza kutoa saruji mwaka 1954. Nyumba nyingi, madaraja mengi, na madarasa mengi ya nchi hii yamejengwa kwa mawe ya Bamburi. Ni haki tukumbuke hilo kabla ya kunung'unika. Lakini kila mfuko wa saruji uliacha tundu mahali pake, na matundu hayo yakaungana yakawa jangwa: uwanja mpana wa mawe meupe, wenye joto kali, usio na udongo hata kiasi cha kujaza chungu, na maji ya chumvichumvi yakiwa karibu sana chini ya sakafu yake.

Mwaka 1959 kampuni ilimwajiri bwana shamba mmoja, Mswisi aitwaye René Haller, aliyekuwa amefanya kazi katika mashamba ya kahawa huko Tanganyika. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwalimia wafanyakazi matunda na mboga. Ulipofika mwaka 1971 alipewa kazi nyingine: kujaribu kuotesha kitu katika jangwa lile. Hakukuwa na kitabu cha kumwongoza. Alipanda miti ya aina 26. Mmoja baada ya mwingine ikakauka, mpaka zikabaki aina 3 tu: mnazi, damasi ambao ni mti wa asili ya Somalia, na mvinje.

Mvinje waujua ukifika pwani, ni ule mti mrefu wenye majani kama nywele, unaovuma upepo ukipita. Hupenda mchanga wa bahari na hauogopi chumvi. Tena una siri moja katika mizizi yake. Kwenye mizizi hiyo kuna vinundu, na ndani ya vinundu huishi bakteria wanaoichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mti, jambo ambalo mti peke yake hauliwezi. Kunde na maharagwe ya mama yako hufanya vivyo hivyo kwa msaada wa bakteria wa namna nyingine. Kwa hiyo mvinje waweza kukua mahali ambapo mti mwingine hufa kwa njaa.

Mivinje ikakua, tena upesi. Mtu mwepesi wa kuridhika angepiga picha hapo na kutangaza ushindi. Haller aliona tatizo. Majani makavu ya mivinje yalianguka yakajaa chini, lakini hayakuoza. Yana uchungu unaozuia bakteria wasiyale. Miti ilikuwa imesimama juu ya mawe na zulia la majani makavu, wala hapakuwa na udongo chini yake. Shamba la miti si msitu, na tofauti yake iko hapo hapo, ardhini.

Ndipo akaona jongoo. Jongoo mkubwa mweusi mwenye miguu myekundu, ambaye ni wa kawaida kabisa pwani, alikuwa akiyala yale majani. Nawaomba wanafunzi wangu wa ualimu, kila ninapofundisha sura hii, wasicheke wanapofika hapa, nao hucheka. Haller aliagiza jongoo wakusanywe kwa mamia kutoka sehemu za jirani, akawaachilia chini ya mivinje. Jongoo alitafuna majani, akayapitisha tumboni, akayatoa yakiwa yamesagika. Na hayo sasa bakteria waliweza kuyamaliza. Kilichobaki kilikuwa mboji, ule weusi-weusi tulioutazama katika ukuta wa shimo la maramu. Kwanza ilikuwa vumbi tu, kisha tabaka, kisha udongo unaoweza kupokea mbegu. Ndege walileta mbegu nyingine katika vinyesi vyao. Miti ya asili ikapandwa katikati ya mivinje, na mivinje yenyewe, kazi yake ilipokwisha, ikaanza kupunguzwa ili kuipisha ile mingine.

Baadaye vilichimbwa vidimbwi vya samaki, wakaletwa pofu, choroa, twiga na viboko. Mwaka 1984 njia ya kutembelea msitu huo ilifunguliwa kwa watu wote, na mwaka 1987 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilimpa Haller tuzo ya Global 500. Siku hizi mahali hapo paitwa Haller Park. Huenda umesikia habari za Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya mawimbi makubwa ya Desemba 2004, akaletwa hapo, akafanya urafiki na kobe mkongwe aitwaye Mzee. Dunia nzima ilimpenda Owen. Mimi kwa upande wangu naona kwamba kama sanamu ya mnyama ingejengwa mlangoni pa Bamburi, ingekuwa ya jongoo.

Lakini tusilewe. Msitu wa Bamburi si kile kilichokuwapo kabla ya mashine. Huo uliokuwapo umekwenda, na huu ni kitu kipya, kilichotengenezwa kwa akili na uvumilivu. Tena mawe ya Bamburi hayakuwa na sumu. Mivinje na jongoo wangeshindwa na machungu ya Macalder, ambako zebaki hailiwi na mdudu wala kuoza. Na liko jambo la tatu, ambalo kwa mwanafunzi wa historia ndilo kubwa. Kampuni ya Bamburi ilikuwa ingalipo. Haikuwa imekwenda zake kama waliokuwa Rosterman. Ilikuwa ikiendelea kuchimba na kupata faida papo hapo, karibu na mahoteli na macho ya wageni, na ilikuwa na fedha za kumlipa mtu mmoja mshahara kwa miaka mingi huku akipanda miti inayokufa. Isitoshe, Kenya haikuwa na sheria kuu ya mazingira mpaka mwaka 1999. Tulipata msitu kwa bahati ya mwajiri na mwajiriwa. Nchi haiwezi kutegemea bahati.

Kisiwa kimoja kidogo cha bahari ya Pasifiki kilijaribu njia nyingine. Kisiwa hicho ni Nauru, chenye ukubwa wa kilomita za mraba 21 tu, nacho ni cha matumbawe kama pwani yetu. Tangu mwanzo wa karne ya 20 wageni walichimba humo fosfeti, ambayo ilipelekwa Australia na New Zealand kurutubisha mashamba. Wazia jambo hilo: udongo wa watu wengine ulinona kwa kukonda kwa udongo wa Nauru. Kisiwa kilipopata uhuru mwaka 1968, sehemu kubwa ya katikati ilikuwa imekwisha kuchimbwa, yamebaki majabali yaliyosimama kama meno. Watu wa Nauru hawakusema kwamba yaliyopita yamepita. Mwaka 1989 waliishtaki Australia katika Mahakama ya Kimataifa huko The Hague, wakidai kutengenezewa ardhi iliyochimbwa kabla ya uhuru wao. Mwaka 1993 Australia ilikubali kulipa, kesi ikafutwa. Deni lilikubaliwa, ila ardhi, kwa sehemu kubwa, bado ni majabali. Fedha zikija miaka mingi baada ya shimo, hukuta udongo umekwisha kupotea.

Kwa sababu hiyo sheria za siku hizi hujaribu kulikamata deni kabla ya shimo. Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 yamtaka mwenye kuomba leseni aonyeshe mapema jinsi atakavyoirudisha ardhi, na aweke dhamana ya fedha kwa ajili ya kazi hiyo. Akitoroka, dhamana haitoroki naye. Kadhalika sheria hiyo imegawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali panapochimbwa. Linganisha na ile amana ya mwaka 1930 iliyovunjwa kwa mabadiliko ya mwezi mmoja, nawe utaona tumetoka wapi. Utaona pia kwamba sheria ni karatasi, na karatasi huweza kubadiliwa.

Mtihani wa kwanza mkubwa wa zama hizi uko Kwale. Huko kampuni ya Base Titanium ilianza kuchimba mchanga wenye titani mwaka 2013, baada ya familia nyingi kuhamishwa, ikamaliza mwezi wa Desemba 2024. Udongo wa juu uliondolewa kwanza na kuwekwa kando; mchanga ukaoshwa, madini yakatolewa, mchanga ukarudishwa, kisha udongo wa juu ukatandazwa tena na kupandwa. Hesabu ya Kwale haitajulikana kwa kutazama majani ya mwaka wa kwanza. Bamburi imetufundisha kwamba mambo huamuliwa chini ya majani.

Sasa turudi nyumbani, kwa maana liko pengo ambalo sheria hizo hazilizibi vizuri. Dhamana huwekwa na kampuni. Lakini mashimo mengi ya upande wetu hayakuchimbwa na kampuni. Liko la maramu, lililochimbwa na mkandarasi ambaye barabara yake ilikwisha zamani. Liko la matofali, lililochimbwa na jirani aliyekuwa akitafuta karo ya mwanawe. Na huko kwenye dhahabu liko la mjomba wako, ambaye hakuwa na kazi nyingine. Utamdai nani hapo? Mjomba hana dhamana. Ana nyundo na tochi. Si haki kumlaumu kama tunavyowalaumu waliokuja na mashine, wala si kweli kwamba shimo lake ni salama kwa sababu ni la ndugu. Mtoto huzama ndani yake vilevile.

Kwa shimo la matofali, angalau, ujuzi uliomo katika habari hii watosha, tena hauhitaji jongoo wala mivinje. Kabla ya kuchimba, ule udongo mweusi-mweusi wa juu huondolewa peke yake na kuwekwa upande mmoja, ukafunikwa kwa majani makavu mvua isiuchukue. Udongo mwekundu huwekwa upande wa pili. Matofali yakiisha kuchomwa, vipande vilivyovunjika na udongo mwekundu hutangulia kuingia shimoni. Ule mweusi hufuata, huwa juu, kisha hupandwa kunde. Kwa shimo la kawaida, watu wawili wenye majembe huimaliza kazi hiyo ya kutenga udongo kabla jua halijawa kali.